Mkono Kando ya Skrini

Kibanda changu kiko Juba, soko la Jebel, upande wa wauza mitumba: mabati juu, mabati pembeni, mlango mmoja. Napiga picha za pasipoti, nachapisha kadi za arusi, nakuza picha za watu kutoka kwenye simu zao. Na nina hasira. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza katikati. Nina mtoto ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika miguu ya meza yangu. Nina mume anayebeba mizigo uwanja wa ndege, akirudi nyumbani analala kama gunia alilobeba. Nina jenereta ya jirani inayonitemea moshi mlangoni kutwa nzima. Mwanamke mwenye hayo yote ambaye bado anamchekea kila mteja, huyo mimi simwamini.

Lakini ninayoandika hapa ni shukrani. Imenichukua muda kukubali kwamba ni shukrani.

Skrini ya kompyuta yangu aliinunua mume wangu kwa mtu aliyeileta kutoka Kampala, imezungushiwa blanketi. Muuzaji aliapa ilikuwa ya ofisi kubwa, kwamba ilikuwa haiguswi ila kwa vidole safi. Vitufe vya pembeni vilikuwa vimekufa vyote isipokuwa cha kuwashia. Mimi sikuona ubaya wowote. Picha zilionekana, maandishi yalionekana, ukiniuliza ningesema ni skrini nzuri kabisa. Sura za watu zilikuwa zinatokea na umanjano kidogo, lakini nilidhani ni simu zao, au vumbi la Juba, au jua letu. Basi kila picha nilikuwa nairekebisha: naongeza bluu kidogo, natazama, naongeza tena, mpaka uso unakaa sawa. Nikiona uko sawa nachapisha.

Halafu wateja wakaanza kurudi. Wanaishika picha kwa ncha za vidole kama samaki wa jana, wanasema neno moja: azrag.

Sasa hapa lazima nieleze. Mimi nimezaliwa ukimbizini, nimesoma Kitale mpaka kidato cha nne, na Juba nimekuja mtu mzima. Kiarabu cha huku nimekiokota sokoni, neno moja leo, neno lingine kesho, mengi nikiyapata kwa kutukanwa. Hilo la azrag lilikuwa kati ya maneno ya kwanza. Niliitwa hivyo na vijana wa bodaboda wiki niliyofika. Nikauliza maana, nikaambiwa: mtu mweusi sana, mweusi wa kung'aa, kama wewe. Nikalipokea hivyo. Vitu vya bluu niliviita bluu, kila mtu alinielewa, na hakuna aliyenisahihisha.

Kwa hiyo mteja akinirudishia picha na kusema azrag, mimi nilisikia: umenifanya mweusi mno, nichubue. Na hapo nilikuwa nawaka moto.

“Ulitaka uweje?” nilimwambia baba mmoja mwenye tai, aliyekuja kwa picha ya kitambulisho. “Uwe Mzungu? Mama yako alikuzaa hivi, na mimi nitakuchapisha hivi!”

“Lakini dada, tazama basi...”

“Nimetazama. Wewe ndiye unaogopa kutazama.”

Akaondoka bila picha. Nilijiona shujaa. Kuna studio nyingine barabarani ambayo inawachubua watu wote. Unaingia mweusi, unatoka rangi ya chapati. Nilikuwa nawadharau. Nikachukua kipande cha mbao, nikaandika kwa rangi nyekundu: HAPA HATUCHUBUI SURA. Nikakipigilia juu ya mlango.

Jirani yangu Mganda, anayeuza nywele za kusuka, alitoka akakisoma huku mikono iko kiunoni.

“Nyabo,” akasema, “wewe iko nafukuza wateja na msumari sasa?”

“Waende. Wanaojichukia waende wote.”

“Wataenda. Na wewe itabaki na picha ya ukuta.”

Hata mama mkwe wangu hakunusurika. Nilimpelekea picha ya mtoto wangu, nimeikuza vizuri, nimeitia kwenye fremu. Akaitazama, akaguna, akasema azrag. Mjukuu wake mwenyewe! Nilibeba mtoto na fremu, nikarudi nyumbani, na kwa miezi nikawa namsalimia kwa kichwa tu. Mume wangu aliuliza kuna nini. Nilimwambia akamuulize mama yake anayebagua damu yake. Hakwenda kuuliza. Mwanamume anajua akikimbilia penye kelele atabebeshwa mzigo.

Basi siku moja asubuhi akaja mama mmoja kutoka mtaa wa Lemon Gaba. Mrefu, mkavu, gauni safi, simu imefungwa ndani ya leso na leso ndani ya mfuko wa nailoni. Kwenye simu kulikuwa na picha moja ya mwanawe. Kijana huyo alikufa kwa ajali barabarani, mke wake akiwa na mimba. Mtoto aliyezaliwa alikuwa msichana, na alikuwa amelelewa na ndugu wa mama yake ng'ambo ya mpaka. Jumamosi ya wiki hiyo walikuwa wanamleta kwa bibi yake kwa mara ya kwanza, na familia ingefanya ibada ya kumkumbuka baba. Mama alitaka picha kubwa ya kuweka mezani.

“Hajawahi kumwona baba yake,” aliniambia. “Hata kwa picha. Hii ndiyo atakayomjulia.”

Nilisema sawa mama, uje kesho. Nikaifanyia kazi picha ile kwa roho yangu yote, kwa sababu mimi hasira zangu hazina shida na marehemu. Nikaurekebisha umanjano wake kama kawaida. Nikaichapisha kwenye karatasi nzuri, ile ya kung'aa.

Kesho yake akaja, akaishika. Halafu akaiweka juu ya meza, uso chini.

“De ma jena tai,” akasema. Huyu si mwanangu. “De azrag.”

Mniwie radhi kwa yale niliyomwambia mama wa watu, sitayaandika yote. Nilimwambia kwamba kijana wa Sudan Kusini ni mweusi na haoni haya. Nikamwambia kama anataka mwanawe awe chapati, studio ile pale barabarani.

Angeweza kuondoka. Kila mtu mwingine aliondoka. Yeye alivuta kiti changu cha plastiki akakaa.

“Kule nilianzia,” akasema taratibu, sasa kwa Kiswahili. “Walimfanya kama Mhindi. Kuna mtu akanisomea kibao chako, ndiyo nikaja.”

Akainama, akagonga kwa kidole beseni la kuogea mtoto wangu, lililokuwa limesimama ukutani.

“Ya biniya, binti yangu, hii ni rangi gani?”

“Bluu.”

“Kwa Kiarabu?”

Sikulijua neno lake.

“Azrag,” akasema.

“Azrag ni mtu mweusi!”

“Ni mtu mweusi. Na ni hili beseni.” Akaigeuza ile picha, akaiegemeza kwenye beseni. “Mwanangu alikuwa mweusi, namtaka mweusi. Lakini hivi alivyo hapa, hivi ndivyo walivyomleta kutoka barabarani. Midomo hivi, chini ya macho hivi. Unataka mtoto aonyeshwe maiti?”

Niliitazama picha pale kwenye mwanga wa jua unaoingia mlangoni, beseni nyuma yake. Mungu wangu! Uso wa yule kijana ulikuwa ndugu wa beseni.

Nikaitazama skrini. Kijana alikuwa sawasawa. Nikaishika karatasi kando ya skrini. Mtu mmoja, faili moja, nyuso mbili. Safari hii sikuwa na wa kumgombeza ila kile kipande cha plastiki kutoka Kampala.

Kuna binti niliyekaa naye dawati moja Kitale. Sasa anafanya kazi ya kompyuta Nairobi, na ndiye aliyenielekeza kuweka mfumo wa bure kwenye mashine yangu nilipoinunua tupu. Nilimpigia hapo hapo, mama wa watu ameketi, mtoto wangu ameshika goti lake.

“Printa yangu imeharibika,” nikamwambia. “Inatoa watu wa bluu.”

“Weka karatasi nyeupe kando ya skrini. Fungua ukurasa mweupe kwa skrini. Unaona nini?”

Niliweka. Karatasi ilikuwa nyeupe. Skrini ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

“Ni ya manjano,” nikasema.

“Aki wewe! Na ulikuwa unafanya nini siku zote hizo?”

“Naongeza bluu.”

Alicheka mpaka simu ikakwaruza. “Sikiza. Skrini imezeeka, taa yake ya ndani imekuwa manjano. Ukiona uso una umanjano, ni skrini, si uso. Wewe unaweka bluu mpaka macho yako yaridhike. Lakini karatasi haijui mambo ya skrini yako. Inachapisha tu ile bluu umeweka.”

“Nibonyeze wapi? Vitufe vimekufa.”

“Wacha vitufe. Nitakutumia skripti.”

Skripti ni maagizo machache unayoyaandika kwenye faili, kompyuta ikisoma inatii. Ilikuja kwa WhatsApp, fupi, inaingia kwenye kiganja. Pamoja nayo akaniachia sauti akinieleza. Kila rangi ina mstari wake: nyekundu, kijani, bluu. Mstari unaanzia chini kwenye giza, unapanda mpaka juu kwenye mwanga. Kwangu bluu ilikuwa imechoka, haifiki juu kama wenzake. “Huwezi kumpandisha, ameishia hapo,” alisema. “Shusha wenzake wamngoje.” Unaandika jina la skripti, unafuatisha na tarakimu tatu, moja kwa kila rangi, unabonyeza, na skrini nzima inabadilika mbele yako.

Nikashusha nyekundu. Nikashusha kijani kidogo. Ukurasa wa chai ya maziwa ukaanza kupauka, mpaka ukafanana na karatasi. Nilipiga makofi. Jirani yangu Mganda alikuwa tayari amesimama mlangoni, maana kimya changu kilikuwa kimemtia wasiwasi.

“Bado,” akasema yule mama.

“Bado nini, mama? Nyeupe imekuwa nyeupe.”

“Mwanangu hakuwa mweupe. Mtazame yeye.”

Nikamfungua yule kijana tena. Ni kweli. Meno yake yalikuwa safi, kola ya shati safi, lakini uso ulikuwa na zambarau, kama mtu aliyepigwa. Mimi nilishangaa, nikataka kupiga simu tena kutukana. Mama akauweka mkono wake juu ya meza, kando ya skrini, pale mwanga wa mlangoni unapofika.

“Alikuwa rangi ya mkono huu,” akasema. “Hivi hivi. Watu walikuwa wanatucheka, wanasema nilimchovya kwenye rangi yangu.”

Basi nikaupiga picha ule mkono. Nikauweka kwenye skrini, mkubwa, na mkono wenyewe ukabaki kando yake. Sasa nilikuwa na kitu cha kufuata. Sikuhitaji kukisia tena uso wa mtu nisiyemjua. Mkono wa kweli ulikuwa hapa na wa skrini ulikuwa pale, na ilibidi ifanane.

Nikachezea zile tarakimu tatu. Nikiupata mkono, ukurasa mweupe unaharibika. Nikiipata nyeupe, mkono unakuwa zambarau. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa kwa sababu ya grafu za shule. Mwalimu wetu wa hesabu alituchoresha mistari miwili kwenye ukurasa mmoja: mmoja umenyooka, mwingine ni wa x mara x. Yote inaanza sifuri na yote inafika moja, lakini ule wa pili unalegea katikati, kama kamba ya kuanika yenye nguo mbichi. Nilikuwa nauliza darasani hiyo itanisaidia nini maishani. Skripti ya rafiki yangu ilikuwa inavuta ncha ya juu tu, kule kwenye mwanga, kwenye karatasi na meno. Sisi hatuishi kule. Nyuso zetu ziko chini kwenye mstari, na huko chini hakuna aliyegusa kitu.

Nikafungua ile faili. Niliandika polepole, maana nikikosea alama moja inagoma yote. Mahali pa kuzidisha nikaongeza kipeo, ile namba ndogo ya juu inayogeuza x kuwa x mara x, kimoja kwa kila rangi, ili niweze kulegeza mstari au kuukaza katikati bila kugusa ncha zake. Nikabonyeza. Ikagoma. Nilikuwa nimesahau mabano. Nikaweka mabano, nikabonyeza tena, na mkono wa kwenye skrini ukasogea rangi huku ukurasa mweupe umetulia vilevile.

“Haya mama,” nikasema. “Wewe uniambie.”

“Huo ni wa mgonjwa.”

Nikalegeza bluu.

“Huo sasa ni wa Mganda.”

“Nyabo!” jirani akapiga kelele mlangoni. “Waganda imefanya nini?”

“Hakuna ubaya, mkono mzuri tu. Si wangu.”

Nikainua kijani, kidogo sana. Mama akawa anatazama mkono wake, anatazama skrini, mkono, skrini. Mwanangu naye alikuwa amepanda mapajani mwake na kumshika kidole, na yeye akamwachia. Nikagusa nyekundu, nikarudisha. Nikalegeza bluu tena. Jirani akaja akainama katikati yetu na harufu yake ya mafuta ya nywele, akasema simama hapo, usiguse, imepita, rudisha. Nikarudisha.

Mama akaugeuza mkono wake, akatazama kiganja, akaugeuza tena.

“Huu ni wangu,” akasema.

Nikamfungua kijana. Sikuongeza bluu, sikuongeza kitu. Nilikata tu ukingo na kumweka katikati. Printa ikaanza kumtoa polepole: nywele, paji la uso, macho. Mama alisimama, akaenda mlangoni, akasubiri huko akiwa ametupa mgongo. Nikampelekea ikiwa bado na unyevu.

Hakulia. Aliipuliza kama mtu anayepoza uji.

“Umekula?” akaiuliza ile picha.

Niligeuka nikajifanya napanga waya.

Skripti ile naitumia hadi leo. Nimeiweka ijiwashe yenyewe kompyuta inapowaka, na kila baada ya muda naweka mkono wangu kando ya skrini kuona kama taa imezeeka zaidi. Kibao sikukitoa, maana bado hatuchubui mtu. Yule baba wa tai sikumwona tena, na nikimwona nitampa picha yake na sitaeleza sana. Kwa mama mkwe nilipeleka picha mpya ya mtoto. Aliitazama, akaipachika ukutani bila neno, akanikaangia karanga. Nikazimaliza zote.

Nashukuru. Namshukuru yule wa Nairobi kwa mistari yake, hata kama bado ananitumia vibonzo vya watu wa bluu. Namshukuru yule mwalimu wa hesabu niliyekuwa nalala kwenye vipindi vyake. Zaidi namshukuru mama ambaye nilimfokea na badala ya kwenda zake akavuta kiti. Mimi nisingekaa. Ningeondoka na kuwatangazia watu wote wa soko.

Jumamosi nilikwenda Lemon Gaba, mtoto mgongoni, kwa sababu alinialika na kwa sababu nilikuwa naogopa. Picha kuwa sawa kibandani ni jambo moja. Nilitaka kujua picha itakuwaje huko nje, kwenye macho ya watu wanaomjua.

Walikuwa wamefunga turubai, viti vya plastiki, sufuria za chai. Picha ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Watu walikuwa wanapita mbele yake, wengine wanaigusa fremu, na hakuna aliyesema lile neno. Nilitega sikio. Hakuna.

Halafu wakamleta yule msichana. Gauni jipya, soksi zimeshuka, amemshika mama yake mdogo kama mtu anayevushwa mto. Bibi yake akamchukua mkono, akampeleka mezani. Watu wote wakamgeukia, na macho hayo ndiyo yaliyomtisha. Akajificha kwenye gauni la bibi.

“Huyu ndiye baba yako,” bibi akamwambia.

Msichana akatoa jicho moja. Akatazama muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti cha mtu.

“Mbona anang'aa hapa?” akauliza, akajigusa paji la uso. “Amepaka mafuta?”

Kuna mwanamume nyuma yangu alicheka kwa pua kabla hajajizuia. Bibi akajaribu kukaza uso wa ibada, ukamshinda.

“Mafuta!” akasema. “Huyu? Alikuwa anamaliza chupa yangu nzima, halafu anaweka maji ndani ili nisijue!”

“Na yangu,” mjomba mmoja akasema.

“Na ya kanisani,” mwingine akadakia, “yale ya padri kabisa!”

Shangazi mmoja, dada wa marehemu, akasema si kweli, yale ya kanisani hakuyagusa, ni kaka yao, na kaka mtu akasimama kujitetea. Msichana alikuwa ametoka kwenye gauni la bibi. Alisogea mezani akashika ukingo wa kitambaa kwa mikono miwili, akawa anamgeukia kila anayesema, kisha picha, kisha anayefuata.

“Na mimi alinipaka?” akauliza.

“Ulikuwa tumboni,” bibi yake akamwambia. “Alimpaka mama yako. Tumbo lote, kila asubuhi. Njoo ukae hapa nikuambie.”